Kumrudisha Baba Kundini

Wapendwa, mmeniuliza kwenye kundi la simu la ushirika wetu wa chuo, Mtwara kulikuwaje, na mwenyekiti amenitengea nafasi ya ushuhuda Jumamosi. Nimejaribu kuuandika huo ushuhuda. Kila nikifika mahali pa kusema "lakini Bwana akatenda", kalamu inasimama. Basi nawaandikia safari yenyewe, jinsi ilivyokwenda.

Mwanzo wake mnaujua kwa kuwa mliuombea. Baba yangu, Mwalimu Mgaya, alihamishiwa pwani ya Mtwara kufundisha shule ya msingi nikiwa mdogo. Kwanza alikuja nyumbani kila likizo, baadaye likizo moja kwa mwaka, kisha zikawa zinakuja salamu tu. Tukasikia anaishi na mwanamke wa huko, Mwislamu. Siku moja jina lake likasomwa kanisani kwetu Njombe, mimi nimekaa katikati ya mama na shangazi, kwamba ametengwa na Meza ya Bwana mpaka atakapotubu. Mwaka huu akapata kiharusi.

Mama hakulia. Alisema, "Asife nje. Nenda kamrudishe kundini."

Kurudi kundini mnakujua. Mtu husimama mbele ya mchungaji, huulizwa kama ameiacha njia ile, hujibu, hupokelewa, hupewa Chakula cha Bwana. Akifa kabla ya hapo, kengele hailii na mchungaji hafiki kaburini. Mchungaji wetu alikwisha zungumza na mwenzake wa Mtwara, naye alikubali kumrudisha baba pale pale kitandani kwake. Sharti ni awe amemwacha yule mwanamke. Kazi ya kulitimiza sharti hilo nilipewa mimi, kwa sababu nina shahada na sina kazi.

Njombe hadi Songea

Basi letu liliondoka na ukungu. Mama alikuwa amenifungia mfuko wa maparachichi, na juu yake sweta ya sufu ya baba, yenye shingo ndefu, aliyoifuma mwenyewe. "Baba yako ni mtu wa kusikia baridi," alisema. Nilitaka kumwambia kwamba Mtwara watu hulala bila shuka. Nikafikiri, nikiikataa sweta si nitakuwa nimemkataa yeye? Nikaibeba.

Nilikuwa nimefunga. Niliazimia kunywa maji tu mpaka baba arudi kundini. Sikumwambia mtu, maana mfungo ukitangazwa unaharibika. Halafu njiani nikaanza kuhofu kwamba kutomwambia mtu nako ni aina ya majivuno. Kufika Songea nilikuwa nimechoshwa na mawazo ya mfungo kuliko na njaa yenyewe.

Mnakumbuka nilipowafundisha wa mwaka wa kwanza somo la kukua katika neema, nikachora ngazi ubaoni? Kila mtu alitakiwa aonyeshe amesimama kidato gani. Mimi nilijiweka cha kati, kwa unyenyekevu. Kwenye basi nilijaribu kujitafuta tena kwenye ile ngazi. Nilijiona nimeikumbatia kwa chini, miguu bado iko udongoni.

Kwenye nyumba ya wageni ya Songea mhudumu aliniletea chai na chapati. Nikamwambia sikuagiza.

"Dada, hii imo humo humo kwenye chumba," alisema. "Hata usipokula, umeshakula."

Nililala nikiwaza kama alikuwa ananisema.

Songea hadi Masasi

Kiti cha pembeni yangu alikaa mama mmoja mfanyabiashara, Mmakonde, mnene, mwenye kanga mbili na sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Viazi vyake vilikuwa kwenye buti, anavipeleka sokoni Mtwara. Alijitambulisha kuwa ni Mama Chiku.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbena wewe."

"Umejuaje?"

"Umevaa makoti mawili. Nyie Wabena mnavaa makoti mpaka moyoni. Vua mapema, Masasi utaiva."

Nilivua moja. Tulipopita Tunduru kidogo, rejeta ikachemka na basi likasimama kando ya mashamba ya mikorosho. Kondakta alisema ni dakika chache. Abiria waliokuwa wenyeji wa njia hiyo walitandika kanga chini na kulala, nikajua hizo dakika ni za namna gani. Mimi nilizunguka basi nikiomba. Kisha nikajiuliza kama kuiombea rejeta wakati dunia ina njaa na vita si kumfanyia Mungu utani. Nikaacha kuomba. Basi likaendelea kusimama.

Wauzaji walitokea wasikotazamiwa, wakiwa na muhogo wa kuchoma na pilipili ya kusaga. Mama Chiku alinunua, akavunja kipande, akanipa.

"Asante mama, nina vidonda vya tumbo."

"Vidonda vya tumbo ndivyo vinavyotaka muhogo. Kula."

"Kweli siwezi."

"Mwanangu, tangu Songea nakuangalia unameza mate. Kula, hakuna anayekuangalia."

Nilikula. Nilikula na kipande cha pili. Hivyo nikavunja mfungo kwa muhogo na kwa uongo kwa pamoja, kabla hata sijafika mkoa niliokuwa nikiufungia. Pilipili ilinitoa machozi, Mama Chiku akadhani nalia, na aliponiuliza kunani nikaanza kulia kweli. Nikamweleza yote: baba, kiharusi, kengele, na yule mwanamke.

Alisikiliza huku anatafuna.

"Huyo mwanamke anaitwa nani?"

"Sijui."

"Unakwenda kumtoa mtu nyumbani kwake, hata jina humjui?"

"Simtoi mimi, mama. Ni utaratibu wa kanisa."

"Haya," alisema, akageukia upande wa pili kujifutia mikono. Basi lilipowaka alianza tena kunitania kuhusu makoti, lakini lile "haya" lake lilikaa kati yetu mpaka Masasi, nalo likashuka na mimi Mtwara.

Rahaleo

Mchungaji wa Mtwara alinipokea nyumbani kwake Rahaleo. Ni kijana kuliko nilivyotarajia, mtu wa nyanda za juu kama sisi, na joto bado linampiga. Kila baada ya sentensi mbili anajipangusa shingo. Mkewe alileta sahani ya vitu vyembamba vya kahawia, kama mizizi iliyochemshwa, na chumvi na pilipili pembeni. Nikiwa sitaki kuonekana mtu wa kuchagua chakula, nilichukua kimoja, nikakitafuna chote. Kilikuwa kama kamba.

Mkewe aliziba mdomo kwa kanga. Mchungaji yeye alicheka wazi.

"Toa ganda, dada. Hiyo ni ming'oko. Hata mimi mwaka wa kwanza nilikula na ganda lake, nikadhani ndiyo mateso ya utumishi."

Tulipomaliza kucheka akawa mzito. Alisema amekwenda kwa baba mara kadhaa, ni mzee mzuri, anapenda kusomewa Zaburi. Lakini huwa hampi Meza.

"Nikifika pale nitamuuliza swali moja," alisema. "Na huwezi kunitaka nimuulize swali ambalo jibu lake nimepishana nalo mlangoni likitoka kuchota maji. Unanielewa? Yule mama asiwepo. Asiwe ametoka kwa siku moja, awe ametoka."

"Na nani atamhudumia?"

"Wewe si mwanawe?"

Nilisema ndiyo. Nilikuwa na furaha kidogo, hata. Nilijiona tayari nimekaa kando ya kitanda cha baba, nikimlisha uji, nimepata kidato changu kwenye ngazi.

Mtawanya hadi karibu na mdomo wa Ruvuma

Nilichukua bodaboda. Dereva aliitwa Saidi, na tulipoiacha Mtawanya nyuma aliuliza nakwenda kwa nani kule chini.

"Kwa Mwalimu Mgaya."

"Mwalimu! Huyo kanifundisha mimi hesabu za kugawanya. Kanichapa mpaka nikagawanyika mwenyewe." Alicheka hadi pikipiki ikayumba. "Wewe nani yake?"

"Binti yake."

Akapunguza mwendo. "Mbona hajawahi kusema kama ana binti?"

Hakukusudia ubaya. Mbele barabara iligeuka mchanga mtupu, mweupe, wa kumeza gurudumu. Tulianguka, tukainuka, tukaanguka tena. Mwishowe tulishuka tukaisukuma pikipiki, jua likitupiga, maparachichi ya mama yakipondeka ndani ya mfuko na kulowanisha sweta. Upande wa kulia ilionekana mikoko, na ng'ambo yake mto ulikuwa umetanuka mpaka haujulikani ni mto au bahari. Saidi alinyoosha kidole: kule ni Msumbiji. Sikuangalia sana. Nilikuwa nahesabu upya maisha yangu yote kuona ni wapi baba angekuwa na nafasi ya kumwambia mtu kwamba mimi nipo.

Nyumbani kwa Bi Somoe

Anaitwa Bi Somoe. Nilimkuta akiparua samaki uani, mwanamke mrefu, mkavu, mwenye jicho moja linalokonyeza bila yeye kutaka. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila aina ya mwanamke isipokuwa huyo. Nikamwamkia. Aliitika, akaninawisha mikono kabla ya kuniuliza lolote.

"Ndiyo wewe," alisema. "Pua ya Mwalimu hiyo."

Baba alikuwa ndani, ameegemezwa kwenye mito, upande wa kushoto wa mwili umelala. Amenyolewa ndevu. Kucha zimekatwa. Shuka ilinukia sabuni. Nilikuwa nimejiandaa kumkuta ameharibika, na nakiri nilikuwa nimetegemea hivyo, maana ingekuwa rahisi. Aliponiona, upande mzima wa uso ulijaribu kutabasamu na ule mwingine ukakataa.

"Tabitha," alisema. Maneno yalimtoka polepole, yakipitia pembe moja ya mdomo, lakini yalieleweka.

Bi Somoe alipoifungua sweta alicheka mpaka akakaa chini. "Mama yako anamtaka apikike!" Kisha akaifua, akaikausha, akaikunja na kuiweka chini ya kisogo cha baba. Mchana alitupa wali wa nazi na pweza. Nilikula. Mfungo ulikuwa umeshakufa Tunduru.

Nilikaa hivyo siku mbili bila kusema kilichonileta. Kila nikifungua mdomo nilikuwa nasahihisha sentensi kichwani mpaka nafasi inapita. Mwishowe alianza yeye, tukiwa tunachambua mchele.

"Sema sasa. Mtu hatoki Njombe kuleta maparachichi."

Nikasema. Alisikiliza bila kuacha kuchambua.

"Kwa hiyo mimi nikitoka, atapewa?"

"Atapewa."

"Akishapewa, nnarudi?"

"Hapana, Bi Somoe. Ukirudi itakuwa kama hakupewa."

"Na kuoga? Nani atamwogesha?"

"Mimi."

"Wewe mtoto wa kike umwogeshe baba yako?" Lile jicho lilikonyeza. "Huko kwenu ndivyo mnavyofanya?"

Hatufanyi hivyo. Kwetu binti haoni utupu wa baba yake. Nilikuwa nimewaza Meza, kengele, kaburi na ngazi. Ndoo ya maji sikuiwaza hata mara moja.

"Tutapata mwanamume wa kusaidia," nikasema.

Aliokota kokoto kwenye mchele, akaitupa. "Nikuambie kitu. Kaka yangu Athumani hanisemeshi kwa ajili ya huyu. Mwanamke wa Kiislamu kukaa na Mkristo, shekhe gani atatufungisha? Mimi kwetu ni wa nje kama yeye alivyo wa nje kwenu. Idi nnapeleka sahani kwa kaka, inarudi na chakula chake. Leo nikimtokea na mkeka wangu begani, atachinja mbuzi."

"Basi usiende," nilitaka kusema. Nilikuwa natafuta namna ya kulisema vizuri, naye akaendelea.

"Lakini akilala mchana anaimba zile nyimbo zenu. Anaitaka hiyo meza, mimi nnajua. Kama ni mimi nnayemzibia mlango, nnatoka." Akasimama, akapepeta mchele. "Sufuria kubwa nnachukua, ni yangu. Na msimpe dagaa wa chumvi, ana presha."

Kesho yake asubuhi alimwogesha, akambadilisha, akamwambia anakwenda kwa Athumani. Baba alimtazama, kisha akanitazama mimi. Hakuuliza kitu. Nilishukuru kwamba hakuuliza, na shukrani hiyo ndiyo inayoniamsha usiku sasa.

Mchungaji alikuwa aje siku hiyo hiyo. Akapiga simu: mnyororo wa pikipiki umekatika, atakuja kesho. Na mchana baba akajichafua.

Nilikimbia kwa jirani, bwana mmoja aliyekuwa akisuka mtego wa samaki barazani. Nikamweleza. Alinitazama kama mtu anayetaka kuhakikisha amesikia vizuri.

"Mwenye kazi hiyo yupo. Mmempeleka wapi?"

Hata hivyo alikuja na ndoo. Baba alimzuia kwa mkono wake mzima. Alikuwa mwalimu wa watoto wa yule bwana. Nikajaribu mimi, akavuta shuka mpaka kidevuni, akafumba macho, na machozi yakatoka kwenye jicho la upande ulio hai. Nikaacha. Alilala hivyo hivyo mpaka kesho yake. Asubuhi nilitafuta kijaluba cha udi wa Bi Somoe, nikafukiza chumba kizima, ili mchungaji asisikie harufu.

Mchungaji alifika, akakaa kwenye kigoda, akafungua mkoba wake mdogo. Akatoa kikombe na mkate, akavitandikia kitambaa cheupe. Alisoma Zaburi, na midomo ya baba ilikuwa inamfuata. Kisha akauliza.

"Mwalimu Mgaya, umemwacha mwanamke uliyekuwa ukiishi naye?"

"Sijamwacha," baba alisema. "Ametolewa."

Mchungaji alijipangusa shingo. "Lakini hayupo tena. Sema tu kwamba kuanzia leo umemwacha. Nakusihi, Mwalimu."

"Kesho nitamwita." Alipumzika, akakusanya pumzi. "Nikisema nimemwacha, nitamdanganya nani? Wewe? Wewe huna neno. Yule pale," akageuzia macho kwenye kitambaa cheupe, "yeye nitamlaje na uongo mdomoni?"

Udi ulikuwa umeisha na harufu ilikuwa imerudi. Mchungaji aliufunika mkate, akafunga mkoba, akamwekea baba mkono kichwani na kumwombea kwa muda mrefu. Nje aliniambia, "Utaratibu sikuuweka mimi, dada. Ingekuwa ni mimi..." Akapanda pikipiki.

Mimi nilitaka kumwambia, mpe. Rudi ndani umpe. Nilikuwa nalipima neno hilo: je, nikilisema nitakuwa namkosea Mungu, au nisipolisema ndipo nitakuwa namkosea? Nilipopata jibu pikipiki yake ilikuwa imeshaingia kwenye mikorosho.

Baba aliniita. "Tabitha. Kamwite."

Kwenye mashamba ya chumvi

Nyumba ya Athumani iko ng'ambo ya mashamba ya chumvi. Nilipita juu ya matuta, maji meupe huku na huku, mwanga ukiniumiza macho. Athumani alikuwa mlangoni, mtu wa heshima, kofia safi, ndevu zilizochanwa. Uani kulikuwa na ngozi mbichi ya mbuzi imetandazwa juani. Bi Somoe hakuwa amesema kwa mfano.

"Asalaam aleikum," nilisema, maana niliona ndiyo adabu, kisha nikahofu kama ninamdhihaki.

"Waaleikum salaam, binti. Karibu."

"Baba anamwita Bi Somoe."

Uso wake ukafunga. "Nyie ndio mliomtoa. Jana nimewaambia watu msikitini dada yangu amerudi. Watu wamekuja, wamekula, wamenipa mkono. Leo mnamtaka tena? Ninyi mnamfanya huyu nini, mpira?"

Nilisimama nimeshika mikono kama mtoto aliyeletwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Bi Somoe alitokea ndani, mkono una mchuzi; alikuwa katikati ya kula.

"Kalowana?" aliniuliza.

"Ndiyo."

"Tangu lini?"

"Tangu jana mchana."

Alinitazama. Ningependa kuwaambia alinitazama kwa huruma; alinitazama kwa hasira tupu. Akanawa mkono, akaingia, akatoka na mkeka.

"Somoe," Athumani alisema kwa sauti ya chini. "Ukitoka hapa leo, mimi sina dada. Hata siku ukisikia nimekufa, usije."

"Nimesikia, kaka."

Alisimama kidogo, kama mtu anayengoja labda kuna neno jingine. Halikuwepo. Akashika njia. Mimi nilibeba sufuria, nikamfuata juu ya matuta, na njia nzima hakunisemesha. Nyumbani alinifungia mlango wa chumba, nikasikia maji yakimwagwa, na sauti yake ikimkaripia baba, "Na wewe! Hata jirani ungemkubalia!" Kisha nikasikia kitu kilichonishinda kuliko yote: baba alikuwa anacheka.

Kurudi

Nilikaa siku chache zaidi bila kuwa na kazi. Siku ya kuondoka baba aliuliza mama anaendeleaje.

"Anataka usife nje," nilisema.

"Mwambie..." Alifikiri sana, macho kwenye paa. Akalala bila kumaliza. Niliondoka na hilo "mwambie" tupu, nikalisafirisha Masasi, Tunduru, Songea, nikijaribu kulijazia maneno, na yote yalikuwa yangu.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho. Nilidhani atauliza juu ya Meza. Aliuliza, "Nani anamwogesha?"

"Yeye."

"Kila siku?"

"Kila siku, mama."

Akaenda kupalilia maharage, akarudi giza likiingia.

Wiki hiyo nilipigiwa kwa simu ya Saidi wa bodaboda, na aliyekuwa akizungumza ni Bi Somoe. "Mwanangu, baba yako katutoka asubuhi. Tumeshamsitiri, majirani walichimba. Hapakuwa na wa kumsomea wa kwenu, nikawaambia basi wakae kimya kidogo kwa ajili yake. Wakakaa." Nilimwambia asante. Baadaye nilikumbuka kwamba sikumpa pole.

Mama aliomba kengele. Mzee wa kanisa alitujia na jibu, kofia mkononi, akisikitika kwa kweli: haikuwezekana.

Jumapili ilikuwa siku ya Meza. Ilipofika zamu ya safu yetu kwenda mbele, mama hakusimama.

"Nenda," aliniambia.

"Na wewe?"

"Mimi leo nakaa na baba yako."

"Basi na mimi nakaa."

"Hapana, Tabitha. Mmoja wetu ale."

Nilitaka kufikiri kwanza, lakini watu walikuwa wanasukuma nyuma. Nilipiga magoti kati ya yule mzee wa kanisa na binti nisiyemjua. Nilikuwa nimemtoa mwanamke nyumbani kwake. Nilikuwa nimemlaza baba yangu kwenye uchafu na kuufunika kwa udi. Nilikuwa nimenyamaza palipotakiwa neno moja. Sijui hapo ngazini ni kidato gani, na sidhani kama nilikuwa juu ya ngazi yoyote.

Mchungaji alifika kwangu, akaniwekea mkate mkononi, akapita. Hakuniuliza nimemwacha nani.